Homa Ambayo Hukuugua

Mwanangu Paulina,

Nimeiweka barua hii juu ya sanduku lako, si ndani, ili uisome kabla hatujaondoka kwenda stesheni. Ukiisoma ndani ya treni itakuwa haina kazi tena, na utaona mwenyewe kwa nini. Sasa hivi umelala, ukuta mmoja tu kati yetu, na ningeweza kukuamsha nikakwambia kwa mdomo. Lakini ningekuamsha, ningeanza kukugombeza kuhusu kufuli la sanduku, na kungekucha tukizungumzia kufuli. Miaka yote hii ndivyo nilivyozungumza na wewe.

Habari za kula, kulala, kusali na kuchagua marafiki mama yako amekwisha kukupa wiki nzima, na bibi yako wa Tabora atakurudishia zote kwa Kinyamwezi. Mimi siongezi. Mimi nina habari ya pikipiki.

Najua umekunja uso. Katika nyumba hii neno hilo tumekuwa tukilipita kwa mbali. Mama yako aliyekuwa akiiita mke mwenzake, na kuniuliza kila jioni kama mke mwenzake ameshiba mafuta, aliuacha utani huo siku moja na hakuurudia. Wewe ndiwe uliyekuwa na haki ya kuisema kuliko sote, na ndiwe uliyenyamaza kuliko sote.

Kesho treni inakupeleka Tabora kusomea ualimu. Watu wa Temeke wamekuwa wakija kunipongeza kwamba binti amefuata nyayo za baba, nami nawaitikia ahsante. Hukutaka nyayo zangu. Ulitaka uuguzi tangu ulipokuwa ukiyafunga magunzi ya mahindi vitambaa na kuyalaza kitandani kwangu kama wagonjwa. Nafasi ya kwenda kuusomea Uingereza ilikuwapo, na kila aliyekufundisha alijua ni yako. Aliyekupotezea ni mimi. Sijapata kukwambia hivyo kwa maneno hayo. Nakwambia sasa, halafu mwishoni nina jambo la kukuuliza, na jibu lake ni lako.

Nianze na sehemu ambayo hukuiona. Siku niliyokwenda kununua ile pikipiki nilivaa suti ya harusi yangu. Duka la wakala lilikuwa mjini, na sisi watu weusi tulizoea kwenda dirisha la pembeni, lile la vipuri. Mimi niliingia kwa mlango wa mbele. Mwenye duka, Mzungu mmoja mnene, alinitazama. Nikamsalimu kwa Kiingereza changu cha darasani, na kabla sijamaliza akanivutia kiti. Kiti, Paulina. Nilikuwa msimamizi wa shule za misheni, nimefundisha watoto ambao leo ni makarani wa serikali, lakini sikuwahi kuvutiwa kiti na Mzungu. Akanieleza dhamana: kwa miezi sita, ubovu wowote uliotoka nao kiwandani, niirudishe, wataitengeneza bure, ila asiifungue fundi mwingine. Kisha akanipa mkono. Nilirudi Temeke nikiuonea fahari ule mkono kuliko pikipiki yenyewe.

Padri aliinyunyizia maji ya baraka, na wewe ulicheka yalipomwingia Kondo machoni. Kondo wa watu. Ulikuwa ukimkuta tu barazani kwake akitengeneza baiskeli jioni, kwa hiyo huenda hujui kwamba mchana alikuwa fundi wa mitambo kule bandarini, Kurasini, na kwamba mimi na yeye tulianza utani siku ya kwanza tulipotajiana makabila. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Tuliukuta utani huo, wazee walituachia. Na mtani unajua ruhusa yake. Atakutukana mbele ya wakwe zako, atakunyang'anya kofia njiani, ataingia kaburini mwa baba yako na kulala humo mpaka umtoe kwa zawadi, nawe huna haki ya kununa.

Pikipiki haijazoea hata uwanja wa nyumba yetu, akaanza. "Mnyamwezi we," aliniambia mbele ya baraza nzima, "wazee wako walibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka pwani wala hawakukohoa. Mbona punda wako mpya anakohoa toka hapo mpaka Chang'ombe tu?" Watu wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba Mzaramo anajua mlio wa ngoma, mlio wa injini haumhusu. Lakini mlio huo nami nilikuwa nimeusikia. Ulikuwa mdogo, mkavu, kitu kinagonga ndani kabisa, unatokea nikipanda kilima na kupotea nikiteremka. Nilijiambia ni upya. Viatu vipya navyo hulia.

Kondo hakuchoka. Kila nikipita alinipigia kelele nimrudishie Mzungu wangu angali ananifahamu, maana miezi sita ikipita ataniuliza mimi nani. Jumapili moja, dhamana ikiwa imebakiza siku chache, nilisimama kwake kunywa kahawa baada ya misa, na nilipotaka kuondoka pikipiki haikuwaka. Kondo alikuwa ameifungua plagi na kuitia mfukoni. Akatangaza kwamba hanipi mpaka niahidi kuipeleka dukani kesho yake asubuhi. Watu walicheka mpaka muuza kahawa akamwaga vikombe. Nami nikafanya lifanywalo siku zote: mtani akikunyang'anya kitu, unakikomboa. Nikampa pakiti ya sigara, akaipokea, akanirudishia plagi, tukapeana mikono. Na ukishatoa kikomboleo, neno limekwisha. Mtani halirudii tena, na wewe huliulizi. Ndiyo desturi yetu na sina ugomvi nayo. Mimi tu ndiye niliyeitumia kama kichaka. Nililikomboa onyo kwa pakiti ya sigara, nikawasha, nikaenda zangu.

Hapo ndipo ninapojichukia, kwa sababu siwezi kusema sikujua. Nilijua. Nilichokiogopa ni lile duka. Pale nilivutiwa kiti. Nikirudi na malalamiko, nitaingia kwa mlango gani? Nilimwona kichwani yule Mzungu akimnong'oneza karani wake kwamba si unaona, tulimwuzia, hata nusu mwaka haijafika keshaiharibu. Nikaona heri nivumilie. Na wiki hiyohiyo, shuleni, niliwaandikisha watoto ubaoni kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, nikamkemea mmoja aliyekosea herufi.

Dhamana ikafa kimya kimya. Sikumbuki hata ilikuwa siku gani.

Muda si mrefu ikaja habari ya usaili wako na wageni kutoka Uingereza, kule hospitali ya misheni ya mlimani, ukishapita Pugu. Mama yako alitaka uondoke siku moja kabla ukalale kwa masista. Mimi nilikataa. Nilitaka ufike nyuma ya baba yako, wote wasikie muungurumo na kuchungulia, waone huyu ni mtoto wa nani. Hayo yalikuwa mawazo yangu. Yako yalikuwa mifupa ya mwanadamu: ulikuwa ukiitaja mmoja mmoja kwa Kiingereza nyuma ya mgongo wangu, toka utosini kuteremka, na upepo ukiniletea majina yake sikioni. Nilikuwa na furaha asubuhi ile. Hilo nalo nakwambia, kwa maana ni kweli.

Kupanda Pugu, ule mlio ukakua, kisha injini ikakwama kwa ghafla, gurudumu likaburura, tukalala mchangani. Ulinyanyuka wewe kwanza, ukakung'uta gauni lako jeupe, ukaniuliza kama nimeumia.

Yaliyofuata unayajua, lakini hujui mimi niliyaonaje. Lilikuja lori la wauza mkaa, linarudi shamba na magunia matupu. Dereva alikuwa mtu mzima, mkewe na mtoto mchanga wamekaa naye mbele. Alisema wanapita mlangoni kwa hospitali. Binti akae mbele na mkewe, na mimi nikitaka nipande nyuma juu ya magunia, pikipiki tuisukumie kichakani, tutairudia. Uliniangalia. Mguu wako mmoja ulikuwa umekwisha kugeukia lori. Nami nilijiona nikifika mbele ya masista na wageni wao nikiwa juu ya magunia ya mkaa, na suti ya harusi. Nikamwambia dereva ahsante, ni kitu kidogo, tunaondoka sasa hivi.

Ningeweza walau kukuacha upande peke yako. Kila siku nalifikiria hilo. Mke wa yule mtu alikuwa amekwisha kusogea akakuachia nafasi.

Nilifungua, nikafunga, nikafungua tena, wala sikujua ninafungua nini. Ulinishikia spana kwa leso. Leso ikashindwa, ukazishika kwa mikono, na mafuta yakahamia kwenye gauni. Ulipoacha kuitaja mifupa sikuona. Jua lilipotufika utosini injini ilikuwa imepoa, ikakubali kuzunguka, tukajikongoja, hapa tunaendesha, pale tunasukuma, mpaka juu.

Wageni waliokuja kuwasaili wasichana walikuwa wameondoka. Tulimkuta Sista mkuu peke yake. Akalitazama gauni lako, akaitazama mikono yangu, akauliza kulikuwa na nini. Nikafungua mdomo. Wewe ukanitazama usoni mara moja tu, ukamgeukia.

"Samahani Sista," ukasema. "Niliamka na homa kali. Baba alingoja nipate nafuu."

Mafuta nadhani aliyafikiria ni ya njiani tu. Nami nilisimama palepale, mwanamume mzima, nikatikisa kichwa kukubali. Sista akakuwekea kiganja kwenye paji, akakuonea huruma, akaandika.

Majibu yalipokuja yalisema kwa upole kwamba nafasi ile inahitaji msichana mwenye afya ya kustahimili baridi ya ng'ambo. Ulisoma, ukaikunja karatasi, ukaenda kumenya mihogo. Baadaye nikasikia kwamba wasichana wawili walioharibikiwa na basi njiani siku ileile walipangiwa siku nyingine na wakasailiwa. Kuharibikiwa na chombo kulisameheka, Paulina. Ungesema pikipiki, au mimi ningesema, ungesailiwa. Homa ambayo hukuugua ndiyo iliyokufungia mlango, na uliiugua kwa ajili yangu.

Nilirudi dukani, safari hii pikipiki ikiwa juu ya mkokoteni. Mwenye duka hakunikumbuka. Aliomba karatasi, akaisoma, akaniambia dhamana imekwisha na vipuri vitabidi viagizwe, vije kwa meli, kwa gharama yangu. Hakuwa mkali. Nilitamani angekuwa mkali. Akaongeza kwamba ningekuja nilipousikia mlio mara ya kwanza wangeibadilisha injini nzima. Wengi huja, akasema, nusu ya kazi yetu ndiyo hiyo. Nikiwa nimesimama pale aliingia kondakta mmoja wa treni, mtu mweusi kama mimi, kwa mlango uleule wa mbele, anarudisha baiskeli yenye mnyororo mbovu. Akavutiwa kiti.

Nikaipeleka kwa Kondo. Njia nzima nilikuwa ninajiandaa kwa matusi yake, na nikwambie kweli, nilikuwa nayataka. Mtani hutania hata msibani. Kondo aliitazama pikipiki, akanitazama. Watu wa baraza walimngoja aanze, hakuanza. Aliuliza tu, "Mtoto alipata?" Nikasema hakupata. Akaenda kuleta kopo la mafuta ya taa akaanza kufungua. Sijawahi kuona aibu kama ile ya kunyimwa utani.

Ilikuwa ni kitundu kidogo cha kupitishia oili. Kiwandani waliacha kipande cha chuma humo ndani, kimekiziba nusu, na injini ilikuwa ikinyweshwa mafuta kwa kijiko toka siku niliyoinunua. Kondo alikiweka kile kipande kiganjani mwangu. Nilimwambia alinionya nikampuuza, akakataa.

"Mie nami nilikuwa sina hakika, bwana. Nilisikia kitu tu, sikukijua. Na kweli nimeifunga ndani ya mzaha kwa kuwa nimechelea utanuna, nikukose. Mtu akitaka kumwambia mwenziwe kweli humwita pembeni. Mie sikukuita."

Ukarabati ulichukua miezi. Tulingojea pistoni kwa meli, ikaja ya aina nyingine, tukangojea tena. Kondo mwenyewe aliifunga injini vibaya mara ya kwanza, ikavuja kote, akaifungua upya bila kuniambia mpaka alipomaliza. Wewe ulikuwa ukipita kwenda kisimani na kumwamkia, "Shikamoo baba Kondo," na yeye aliitikia marahaba akiwa ameinamia spana zake. Ulidhani amekukasirikia. Alikuwa hawezi kukutazama. Sasa injini inaunguruma vizuri, haigongi tena kwenye mlima wowote, nami kila nikiiwasha nasikia ile mifupa kwa Kiingereza.

Sasa nifike kwenye lile la kukuuliza.

Juzi, nilipokuaga naenda kukagua shule, sikwenda shule. Nilikwenda mlimani kwa Sista mkuu. Nilimwambia yote: mlio, kikomboleo, lori, na homa. Nilimwambia binti yangu hakuugua siku ile na hajawahi kuwa mgonjwa wa kulala, na kwamba alisema uongo kunisitiri mimi, nami nikamwachia. Sista akasema ningemwambia siku ileile, hata nikiwa nimekwisha kufika mlangoni, angewakimbilia wale wageni. Nafasi ya Uingereza ilikwisha kwenda kwa mwingine, naye yuko huko kwenye baridi. Lakini akasema sasa wanafundisha wauguzi hapohapo hospitalini, darasa linaanza mwezi ujao, na kiti kimoja hakijapata mtu. Atakupokea ukienda mwenyewe kabla ya Jumamosi. Baada ya hapo atampa mwingine.

Nilirudi na habari hiyo mdomoni, nikakuta uwanja umejaa. Akina mama wanakupikia, wanakwaya wanakuimbia, mzee wa kanisa anahutubu juu ya mtoto wa mwalimu anayekuwa mwalimu. Nikaimeza. Jana nayo nikaimeza. Niliona nitaonekana kituko, baba aliyekusanya watu wote hawa kisha aseme haendi. Na leo jioni, ulipokuwa ukimsaidia mama yako kuosha masufuria ya watu, nimekutazama unavyocheka na kila mtu ili pasiwe na wa kusononeka, nikaona nipo tena mlimani, mkono kwenye injini, ninalipungia lori lipite. Ndipo nikachukua kalamu.

Sijui unataka nini, Paulina. Huenda kwa muda huu umeupenda ualimu. Ni kazi njema, imenilisha na haijanidharau. Ukitaka Tabora, sanduku lako nitalibeba mwenyewe mpaka ndani ya behewa, na sitahuzunika. Ukitaka hospitali, tiketi si kitu, na karamu iliyokwisha kuliwa hairudishwi. Mama yako nimemwambia kabla ya kukuandikia. Alilia kidogo, akasema nikuache uchague, na nisikae karibu yako unapochagua.

Ila sitaweza kukaa mbali. Watu wote watakuwa stesheni, na Padri atakuuliza kwa sauti, kama anavyowauliza wote wanaosafiri, kama moyo wako uko radhi na safari. Nitakuwa nimesimama mbele yako na Temeke nzima nyuma yangu. Ukisema hapana, nitakayeulizwa ni mimi, na nitawajibu mimi, neno kwa neno, hata na lile la lori. Nina majibu yote, nimeyafanyia mazoezi. Kwa hiyo Padri akikuuliza, mwanangu, kabla hujajibu, usiniangalie usoni.

Baba yako